Shaaban Robert Msomaji: Urithi wa Masimulizi ya Kale katika Maisha na Riwaya Zake

1.0 Utangulizi

Shaaban Robert alifariki dunia mwezi wa Juni 1962, miezi sita hivi baada ya Tanganyika kujipatia uhuru. Tangu wakati huo ametazamwa kwa pande nyingi: kama mshairi, kama mwanafalsafa wa utu na kama mtetezi wa lugha ya Kiswahili. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, yaani Shaaban Robert msomaji. Tutayafuata maisha yake kwa ufupi, na katika kuyafuata tutauliza ni kwa namna gani kazi za kale alizozisoma au kuzisikia zilivyoumba riwaya alizoziandika.

Swali hili si la kinadharia tu. Msomaji anapoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba kisa cha Adili na Nduguze kimetoka katika Alfu Lela Ulela, ni rahisi akaishusha hadhi kazi hiyo, akamwona mtunzi kuwa mwigaji. Mwingine, kwa kumpenda mtunzi, huenda akaukana mkopo huo kabisa, kana kwamba kukopa ni aibu. Makala haya yanashikilia kwamba misimamo yote miwili haina msingi. Mkopo upo, tena ni mkubwa. Lakini kipimo cha mtunzi hakimo katika kile alichokipokea, bali katika kile alichokibadilisha. Na tukichunguza mabadiliko hayo tutaona kwamba, kwa sehemu kubwa, yanaangukia mahali pamoja: pale hadithi inapotoa hukumu juu ya binadamu.

2.0 Malezi na Kazi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, wakati nchi ikiwa bado chini ya utawala wa Wajerumani. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili, na lugha ya Kiswahili aliifanya kuwa maskani yake ya kudumu. Alisoma shule mjini Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, wakati ambapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuishika nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alipomaliza masomo aliingia katika kazi ya ukarani serikalini. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa katika idara ya forodha, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyovitumikia. Baadaye alihamia idara iliyoshughulika na wanyamapori, kisha ofisi ya utawala mjini Tanga kuanzia mwaka 1946, na mwisho idara ya upimaji wa ardhi kuanzia mwaka 1952 hadi 1960. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uandishi wake ilifanywa na mtu aliyekuwa na kazi nyingine ya kutwa. Hakuwa na cheo cha chuo kikuu, wala hakuishi kwa kalamu. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kusoma na bidii ya kuandika.

Ni muhimu kukumbuka kijana wa rika lake aliweza kusoma nini kwa Kiswahili. Kulikuwa na mikondo mitatu. Mkondo wa kwanza ni wa tenzi na mashairi ya kale ya pwani, yaliyohifadhiwa katika hati za Kiarabu na katika vifua vya watu. Wa pili ni wa hekaya za mapokeo, zilizosimuliwa barazani na majumbani. Askofu Edward Steere alipochapisha mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, ndani yake mlikuwa na hekaya ya Mohammadi Mtepetevu, ambayo ni mojawapo ya visa vya Alfu Lela Ulela. Jambo hilo linaonyesha kwamba visa hivyo vilikuwa vimekwisha kuwa mali ya watu wa pwani kabla ya kuwafikia vitabuni.

Mkondo wa tatu ni wa tafsiri. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulifungua njia ya kusanifisha lugha. Mwaka 1928, huko Mombasa, Kiunguja kilikubaliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Shule zilihitaji vitabu, na njia ya haraka ilikuwa ni kutafsiri. Hivyo ndivyo Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson, Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Haggard na Safari za Gulliver za Swift zilivyovikwa kanzu ya Kiswahili. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, kitabu cha Bunyan juu ya safari ya Mkristo, ambamo wahusika huitwa kwa majina ya tabia zao, kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa. Aidha gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kutoa tungo zao, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wao.

Tunaweza sasa kuiona hali aliyoikuta. Tenzi zilikuwa na maadili na lugha iliyopevuka, lakini zilikuwa ni ushairi. Tafsiri zilikuwa na nathari ndefu yenye kisa kilichosukwa, lakini watu wake na nchi zake vilikuwa vya ugenini. Nathari ya kubuni iliyoandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili ilikuwa bado chache mno. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, ni mojawapo ya mifano michache ya mwanzo. Mtu aliyetaka kuandika riwaya ya Kiswahili alilazimika kuiunganisha mikondo hiyo mwenyewe.

3.0 Shule ya Tenzi

Mwalimu wa kwanza wa Shaaban Robert alikuwa utenzi. Katika miaka ya 1930 kazi kadhaa za kale zilitolewa katika chapa na kuwafikia wasomaji wa hati za Kirumi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kama mwaka 1858, ulichapishwa mwaka 1934. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilifuata mwaka 1939, na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa mwaka 1940.

Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake akiwa mgonjwa, kwa nia ya kumwachia bintiye mawaidha ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Shaaban Robert aliijua njia hiyo na akaipita. Katika kitabu chake Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, mna tungo mbili za mawaidha: Utenzi wa Hati, alioutunga kwa ajili ya bintiye, na Utenzi wa Adili, alioutunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Umbo ni lile lile la mzazi anayemwachia mtoto akiba ya maneno. Lakini yapo mabadiliko mawili yanayofaa kuzingatiwa. Kwanza, anayesema hapa ni baba, si mama. Pili, mawaidha hayakomei kwa binti. Mwana wa kiume naye anakalishwa kitako na kufundishwa, kana kwamba mtunzi anasema kuwa adabu si mzigo wa mwanamke peke yake.

Hapa tunaona kwa mara ya kwanza desturi yake: anauchukua mtungi wa zamani pasipo kuuvunja, lakini maji anayoyatia ni mengine. Tena tuangalie jina la utenzi wa pili. Adili, neno lenye maana ya haki na mwenendo mwema, ndilo atakalompa shujaa wa riwaya yake miaka michache baadaye. Kile alichokuwa amemwusia mwanawe kwa beti, atakisimulia kwa wasomaji wote kwa nathari.

4.0 Adili na Nduguze: Mkopo na Malipo

Adili na Nduguze ilichapishwa mwaka 1952. Asili ya kisa chake ni hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake, mojawapo ya hadithi za mwishoni katika Alfu Lela Ulela. Katika hadithi hiyo, kodi ya Basra inachelewa kufika kwa Khalifa Harun al-Rashid, naye anamtuma mjumbe kwa Abdallah, gavana wa mji huo. Mjumbe anagundua kwamba kila usiku mwenyeji wake huwapiga mijeledi mbwa wawili, kisha huwalisha na kuwabembeleza. Khalifa anapotaka maelezo, inabainika kwamba mbwa hao ni ndugu wa Abdallah. Walikuwa wametapanya urithi wao, wakasaidiwa naye, kisha wakamtosa baharini kwa wivu. Jini mwanamke, ambaye Abdallah alimwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka, ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe kila usiku.

Msomaji wa Shaaban Robert anavitambua viungo vyote hivyo: kodi iliyochelewa, mjumbe mdadisi, mijeledi ya usiku, mji uliogeuka mawe, binti wa kifalme aliyesalimika peke yake, na wivu wa ndugu. Hakuna haja ya kukana. Tulinganishe basi yale yaliyobadilishwa.

Badiliko la kwanza ni la mahali na majina. Baghdad na Basra zimeondoka, na badala yake ipo nchi ya Ughaibu, yenye mfalme aitwaye Rai na mji uitwao Janibu. Ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Kwa kufanya hivyo mtunzi ameitoa hadithi katika historia ya watu fulani na kuitia katika ramani ya tabia za binadamu. Msomaji hahitaji kumjua Harun al-Rashid ili afahamu kwamba hapa panazungumzwa kuhusu fikra inayotawala na husuda inayoharibu.

Badiliko la pili ni la umbo la adhabu. Ndugu hawageuzwi mbwa, bali manyani. Kwa Waislamu wa pwani mbwa si mnyama wa kukaa naye nyumbani, kwa hiyo kuwaweka ndugu katika umbo hilo kungewasukuma nje kabisa ya jamii. Nyani ni jambo jingine. Ana mikono na uso unaomkumbusha mtu nafsi yake. Ndugu aliyegeuka nyani ameshuka, lakini bado anaonekana alikotoka, na kwa hiyo bado anaonekana anakoweza kurudi.

Badiliko la tatu ndilo kubwa. Katika Alfu Lela Ulela, ndugu wanasamehewa na kurudishiwa umbo la kibinadamu, lakini hawakomi. Wanamsaliti Abdallah tena, na mwisho wao ni kuuawa. Mafunzo ya hadithi hiyo ni kwamba moyo wenye wivu hauponi. Shaaban Robert anaukata mkia huo wa hadithi. Kwake msamaha unaleta toba, na toba inaleta upatanisho. Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, na hadithi inafungwa kwa arusi wala si kwa mauti.

Yapo maoni kwamba mwisho huo ni mwepesi, na kwamba msimulizi wa kale alimjua binadamu zaidi. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini tukumbuke kwamba mtunzi aliujua mwisho wa kwanza, na akauacha kwa hiari. Asiyeijua hadithi ya zamani huenda akadhani kwamba mtunzi hakuwahi kuiona hatari ya kumsamehe msaliti. Anayeijua anafahamu kwamba aliiona ikiwa imeandikwa mbele yake, hata hivyo akachagua matumaini. Maana ya riwaya inakuwa nzito zaidi inaposomwa pamoja na asili yake.

5.0 Kusadikika: Kusimulia ili Kuokoka

Mwaka mmoja kabla ya Adili na Nduguze ilikuwa imetoka Kusadikika, mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Wasomaji wengi wamekumbushwa kisiwa cha Laputa katika sehemu ya tatu ya kitabu cha Swift cha mwaka 1726, ambacho nacho kinaelea angani na kutumiwa na mfalme kuwaonea walioko chini. Ulinganisho huo una maana, ingawa kufanana kwa picha moja peke yake si ushahidi wa kukopa. Tunapendekeza kwamba deni kubwa zaidi la Kusadikika limo katika muundo wake, nao unaelekea Mashariki.

Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno, na adhabu inayomkabili ni kifo. Anapopewa nafasi ya kujitetea, anatumia siku sita kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na Kusadikika pande zote za ulimwengu, pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, kisha wakatupwa gerezani. Kila siku ina kisa chake, na msimulizi yu chini ya upanga. Huo ni muundo wa Shahrazad, anayesimulia usiku baada ya usiku ili mfalme asimwue.

Lakini tazama lililogeuzwa. Shahrazad anasimulia chumbani, na silaha yake ni shauku ya msikilizaji: anakikatiza kisa ili mfalme atake kukisikia kesho. Karama anasimulia barazani, mbele ya mfalme na watu wote, na silaha yake ni ushahidi. Visa vyake si vya kupumbaza, ni kumbukumbu za matendo ya serikali yenyewe. Shahrazad anaokoka kwa kuwa mfalme amempenda. Karama anaokoka kwa kuwa hoja yake haikupata jibu. Tena wanaofunguliwa si yeye peke yake, bali na wajumbe waliokuwa kifungoni. Hekaya imegeuzwa kuwa kesi, na huruma ya mtawala imegeuzwa kuwa haki ya mtawaliwa.

Hapa hatuna budi kukumbuka mwaka wa chapa. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa, kwani kiliundwa mwaka 1954. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Kitabu kilichosema waziwazi kwamba watu wananyimwa elimu ya sheria ili wasiulize, na kwamba wenye maarifa wanafungwa, kingepata taabu kumfikia msomaji. Umbo la hekaya lilimpa mtunzi hifadhi. Nchi ya angani haiwezi kumshtaki mtu kwa kuitukana. Kusoma kazi za kale, basi, hakukumpa mapambo tu, bali kulimpa njia ya kusema lililokuwa gumu kusemwa.

6.0 Mfasiri wa Khayyam

Katika mwaka huo huo wa 1952 ilitoka tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, mshairi na mnajimu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131. Shaaban Robert aliipitia njia ya Kiingereza, yaani tafsiri ya Edward FitzGerald ya mwaka 1859. Tafsiri ni namna ya kusoma iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mfasiri hawezi kuliruka neno linalomsumbua. Na maneno ya kumsumbua Mwislamu mwenye imani yalikuwa mengi: mvinyo, shaka juu ya akhera, na malalamiko juu ya ufinyanzi wa Muumba.

Kwamba aliichukua kazi hiyo inatufundisha jambo juu ya usomaji wake. Hakusoma ili akubaliane tu. Aliweza kukaa na fikra isiyokuwa yake, akaitafutia Kiswahili kizuri, kisha akarudi katika riwaya zake akiwa bado anaamini kwamba maisha yana mwongozo. Riwaya zake zimejaa tafakuri juu ya ufupi wa umri na kupita kwa dunia, mada ambayo Al-Inkishafi ilikuwa imekwisha kuitia katika masikio ya watu wa pwani. Tofauti ni kwamba Khayyam anapoona umri ni mfupi anaelekea kwenye kikombe, Sayyid Abdalla anaelekea kwenye toba, na Shaaban Robert anaelekea kwenye kazi: kwa kuwa siku ni chache, afadhali zitumike kumfaa mwenzako.

7.0 Gharama ya Urithi

Haingekuwa haki kuuhesabu urithi huu kwa faida tu. Hekaya ilimpa mtunzi wahusika walio wema mno au waovu mno, wanaotambulika kwa majina yao kabla ya kutenda lolote. Wanawake wake mara nyingi ni sura za ukamilifu. Hotuba huchukua nafasi ya vitendo. Kizazi kilichofuata, hasa katika miaka ya 1970, kilimhoji kwa ukali, kikitaka riwaya inayoonyesha mgongano wa matabaka na maisha kama yanavyoishiwa.

Hata hivyo mtunzi mwenyewe alikuwa akisogea. Mwaka 1958 ilitoka Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Hapo shujaa ni mwanamke wa kweli, mwenye asili ya unyonge, aliyejipandisha kwa sauti yake. Katika Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zote zilizochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, nchi za angani zimeachwa, na tunakutana na mtu anayeacha kazi ya mshahara ili akalime, na watu wanaohangaika na umaskini na ihsani. Majina bado yana mafumbo, lakini udongo ni wa hapa.

8.0 Hitimisho

Shaaban Robert alitunukiwa Tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Heshima hizo zilikuwa zake kwa haki. Lakini heshima ya mtunzi iliyo kubwa zaidi ni kusomwa na watunzi wengine kama yeye alivyowasoma waliomtangulia. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa amekwisha kutoa Rosa Mistika mwaka 1971, aliandika tasnifu juu ya riwaya za Shaaban Robert. Riwaya zake mwenyewe zilikwenda njia nyingine kabisa, ya shaka na ukatili wa maisha. Kisha, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, naye akarudi kwenye visasili na safari za ndotoni. Mwenye kubisha na mzee wake bado anazungumza naye.

Tumeona kwamba mtunzi aliyelelewa na kazi za kale hakufungwa nazo. Alipokea mawaidha ya Mwana Kupona akayagawa kwa binti na mwana. Alipokea hadithi ya ndugu wasiopona akawapa tiba. Alipokea usimulizi wa chumbani akaupeleka barazani. Kila mara alilifikia jambo la hukumu, na kila mara aliitoa hukumu hiyo mikononi mwa nguvu na kuikabidhi kwa elimu, toba au sheria. Kwa sababu hiyo inafaa, katika kufundisha kazi zake, zisitengwe na zile zilizozizaa. Mwanafunzi anayesoma Adili na Nduguze peke yake anapata hadithi njema. Anayeisoma pamoja na Alfu Lela Ulela anamwona mtu wa Tanga, karani wa serikali ya kikoloni, akiwa na kitabu cha kale mbele yake na kalamu mkononi, akifika mahali ndugu wanapopaswa kufa, na akakataa.